Kinu Kitupu cha Kilima Tiktik

Ipo nchi moja, na mpaka leo asubuhi ilikuwa bado ipo, ila ukilitaja jina lake mbele ya wakubwa wake watakwambia siyo hiyo, ni ya jirani. Haya, tuseme ni ya jirani.

Nchi hiyo ya jirani ilikuwa na kila kitu cha umeme isipokuwa umeme. Nguzo zilikuwepo, nyaya zilikuwepo, mita zilikuwepo, na bili ilifika kila mwisho wa mwezi haijachoka. Umeme wenyewe ndio uliokuwa mgeni. Ulipokuja, watu walitoka mlangoni kuuamkia, na kabla hawajamaliza kuuliza habari za utokako, ulikuwa umeshaaga.

Mkuu wa nchi, ambaye cheo chake rasmi kilikuwa Taa ya Taifa, alikwenda safari ng'ambo akaonyeshwa jumba moja kubwa la mviringo linalofuka mvuke. Akaambiwa humo ndani mna jiwe dogo, na jiwe hilo linawasha miji. Akarudi nalo moyoni. Wenye jumba walisema hawana neno, watakopesha, ila kwanza wanataka kuona maoni ya umma: kwamba wananchi wanakijua kitu hicho na wamekipenda.

Taa ya Taifa akaita mawaziri. "Hayo maoni ya umma tunayo?"

Waziri wa Ghala akasema yalikuwepo, lakini yaliisha mwaka wa uchaguzi.

Basi ikaundwa Wizara ya Uelewa. Akapewa uwaziri wake Profesa Shangwelo, mtu mwenye sauti nzuri sana, sauti ambayo ukiisikia unakubali kwanza, ndipo unajiuliza umekubali nini. Kazi ya kwanza ya wizara ilikuwa kutafuta neno. Wataalamu wa lugha wakafungiwa hotelini, wakala sambusa misimu miwili ya mvua. Mmoja alitaka "rikta". Mwingine alitaka "tanuri la chembe", akalia alipokataliwa. Mwishowe wakaafikiana: *kinu*. Kinu cha nyuklia. Neno la bibi zetu, walisema, halimtishi mtu.

Watu wa usalama wakaleta wasiwasi kidogo. Kinu sawa, walisema, lakini hilo la pili linanuka bomu. Profesa Shangwelo akalimaliza hapo hapo. "Mkiwauliza wananchi, semeni kinu. Nyuklia itafuata baadaye, pamoja na mitambo."

Wakapiga makofi. Ndivyo nchi ya jirani ilivyoanza kuwauliza watu wake.

*

Kijiji cha Kiongwelo kilikuwa mbali kiasi kwamba hata bili ya umeme ilikuwa haijakifikia. Hapo aliishi Bi Sikujua, mjane. Mama yake alikaa na mimba akidhani ni tumbo la kuumwa, mpaka mtoto akatoka analia. Ndipo akasema "sikujua", na wakunga wakaona jina limepatikana.

Nyuma ya kijiji kulikuwa na kilima. Zamani kiliitwa jina jingine, lakini siku hizi kila mtu alikiita Tiktik, na sababu yake ni hii. Wakati Bi Sikujua bado ana meno yote, walikuja watu wa utafiti na kisanduku kidogo cha kupima. Walipokipitisha kwenye majani, kilisema tik. Walipokipitisha kilimani, kikasema tik-tik-tik-tik, nao wakacheka na kukumbatiana, wakawaambia wanaume wa Kiongwelo wachimbe. Wanaume wakachimba. Mawe yalikuwa na umanjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Wakayabeba kichwani kwa magunia, vumbi likawashuka usoni wakalifuta kwa mikono ile ile waliyolia ugali, na wake zao wakazifua nguo zao mtoni wakiimba. Watoto waliigiza kisanduku. Ilikuwa furaha tupu.

Kisanduku kikaondoka na wenyewe. Wanaume wakaanza kukohoa.

Changuo, mume wa Bi Sikujua, alikuwa na kikohozi cha peke yake: viwili vifupi na kimoja kirefu, kama mtu anayebisha hodi halafu anaingia kabla hajakaribishwa. Alipokufa, hospitali ilisema ni homa. Waliomfuata nao wakafa kwa homa. Wa mwisho, nadhani homa ilikuwa imekwisha dukani, wakasema ni uzee, na alikuwa mdogo wa kiume wa Mwajabu, shoga wa Bi Sikujua, ambaye mwenyewe wakati huo bado anaruka kamba na wanawe.

Huko Kiongwelo mtu huzikwa pale alipoliacha jembe lake la mwisho. Kwa hiyo wote walizikwa Tiktik.

Kila Ijumaa Bi Sikujua alipanda na ufagio, akalifagia kaburi la mumewe, akakaa, akampa habari za wiki: nani kaoa, nani kaachwa, mbuzi wa nani kala khanga ya nani. Na kwenye majani, bila upepo, kikohozi kilimwitikia. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Mwanzoni alikimbia. Baadaye akazoea. "Wengine wana redio," alimwambia Mwajabu.

Sasa lipo jambo moja la kijiji hicho ambalo ni lazima lisemwe, maana Wizara ya Uelewa haikulielewa. Kiongwelo hawatwangi kinu kitupu. Hata akiwa mtoto anacheza, hata akiwa mlevi, lazima chini iwemo konzi ya kitu, mahindi, kisamvu, ikikosekana hata pumba. Kinu kikilia kitupu, waliolala makaburini husikia, nao hudhani wanaandaliwa wao. Huinuka wakaja. Na wakija hawamfuati mwenye kinu, wanamfuata aliyeshika mchi. Hawampigi, hawamkabi. Wanakaa naye tu. Hawaondoki mpaka yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, awaulize: *Mmekuja kwa lipi?* Kisha alisikilize jibu mpaka mwisho.

Kuuliza si kazi. Shangazi mmoja wa Mwajabu aliwahi kutwanga kitupu kwa mawazo, akajiwa na mama mkwe wake. Alimwuliza wakati wa kupanda maharage, na jibu lilikuwa bado linaendelea wakati wa kuvuna.

*

Mtu wa wizara aliyeletwa Kiongwelo aliitwa Dismas Ngeleza, Afisa Uelewa Mwandamizi wa Kanda. Alikuwa kijana mpole, ana shati la wizara lililoandikwa mgongoni NIMEELEWA. Wanakijiji wakakusanywa shuleni, nao wakapewa mashati hayo hayo kabla hawajaelezwa kitu.

"Ndugu wananchi," alisema Dismas, "serikali yenu sikivu inauliza. Je, mnataka kinu?"

Wanawake wakatazamana.

"Cha mti gani?" akauliza Mwajabu.

"Si cha mti, mama. Cha zege na chuma."

"Cha chuma kitakata mahindi, mwanangu. Mahindi yanataka mti."

"Hakitwangi mahindi. Kitatwanga atomu."

Mnong'ono ukapita. Mzee mmoja mbele, kiziwi wa sikio moja, akamweleza jirani yake kwamba atomu ni mtama wa msaada, ule unaokuja na magunia yenye bendera.

"Kikubwa kiasi gani?" akauliza Bi Sikujua.

"Kikubwa kuliko shule hii, Bibi."

"Na mchi wake anaushika nani?"

Dismas akaliangalia swali hilo juu na chini. Mafunzo yake yalichukua siku ya semina na chakula cha mchana, na mchi haukuwemo. "Wataalamu," akasema.

"Basi si mbaya," akasema Mwajabu. "Changu kimepasuka tangu msiba wa mdogo wangu. Mimi nataka. Na binti yangu wa Ngambo naye mpe kimoja."

Wote wakainua mikono. Mwajabu aliinua miwili, mmoja wake na mmoja wa binti, ndiyo maana taarifa iliyosomwa redioni ilisema wananchi wa Kiongwelo wamekikubali kinu kwa zaidi ya asilimia mia. Dismas alipotaka jina la mtu wa kutolewa mfano, akamgeukia mjane.

"Jina lako, Bibi?"

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Jina langu."

"Hulijui jina lako?"

"Nalijua. Sikujua."

Dismas akafuta jasho. Redioni ikasomwa kwamba mzee mmoja wa Kiongwelo amekiri kuwa kabla ya ujio wa wizara alikuwa hajui hata jina lake.

*

Haukupita muda, Dismas akarudi na wapima ardhi na vigingi vyekundu. Walivipiga mstari mmoja mpaka juu ya Tiktik, wakakizungusha kilima kizima. Palepale makaburini wakapiga vingi zaidi, kama wanaopanda mihogo.

Bi Sikujua aliwakuta amebeba ufagio wake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hivi vijiti vya nini?"

"Ndipo kinu kitakapokaa. Si mlikubali?"

"Na hawa?" Akaonyesha makaburi kwa ufagio.

"Watahamishwa kwa heshima zote. Serikali imeshanunua kontena. Watawekwa boma la wilaya, nyuma ya gereji."

"Kila mtu na sanduku lake?"

"Watashirikiana, Bibi. Wanafahamiana."

Bi Sikujua akakaa chini kwenye majani. Kwenye majani, karibu na goti lake, kikohozi kikapita, viwili na kimoja, nacho safari hiyo kilikuwa cha chini sana, kama mtu anayesikiliza mazungumzo mlangoni. Dismas akageuka kutafuta nani ana mafua.

"Mwanangu," akasema mjane, "ile 'ndiyo' yetu tunaitaka irudi. Sisi tulidhani kinu ni kinu."

"'Ndiyo' ikishafika wizarani hairudi. Hata sisi tukitaka kuiona tunaomba ruhusa."

"Kwa nini hamkutuuliza kama tunakataa?"

"Kukataa kulikuwa na nafasi yake, Bibi. Hamkuitumia."

Bi Sikujua akaulaza ufagio magotini. Halafu akauliza, polepole, kama anayeuliza bei ya kitu ambacho hana haja nacho: "Ndani ya hicho kinu chenu, mnatia nini?"

"Jiwe."

"La rangi gani?"

Dismas hakuwa mwongo wa kuzaliwa, alikuwa wa kuajiriwa. "Manjano," akasema, na macho yake yakateremka yenyewe kwenye kilima alichokanyaga.

"Linaua?"

"Utafiti wa wizara unaonyesha kwamba mwananchi mwenye uelewa hafi, Bibi. Anayekufa ni yule asiyeelewa."

"Mume wangu hakuelewa kitu," akasema Bi Sikujua. "Ni kweli kabisa."

Wapima ardhi wakamwita Dismas kuelekea kwenye kivuli cha gari, lakini alikuwa ana jambo la mwisho, na alilisema kwa haya. Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Waziri atakuja mwenyewe. Ataweka ishara. Badala ya kukata utepe, ambao umezoeleka, atatwanga. Wataalamu wa itifaki wameona ni jambo la asili na litatoka vizuri kwenye picha. Sasa wanatafuta kinu cha kuazima, kikongwe, chenye sura.

"Ninacho," akasema Bi Sikujua. "Atatwanga nini?"

"Hatwangi kitu. Ni ishara tu. Kitakuwa kitupu."

Mjane akainuka, akaikung'uta khanga yake. Halafu akasema, "Kitakuwa tayari, baba."

*

"Mwambie, shoga," alisema Mwajabu aliposikia. Walikuwa uani wakichambua kisamvu. "Mtu hajui, mwambie. Ukinyamaza, atawachukua wote. Na mdogo wangu atachukuliwa."

"Nikimwambia, atatia konzi ya mahindi, atatwanga, atapigwa picha. Kesho yake greda linapanda. Mdogo wako atakaa nyuma ya gereji, kichwa chake kwenye miguu ya Changuo."

"Na usipomwambia, watakwenda mjini. Huko watarudi saa ngapi? Waliokwenda mjini wakiwa hai wenyewe hawajarudi."

Bi Sikujua akaendelea kuchambua kisamvu. Hilo ndilo lililokuwa linamla. Kaburi likihamishwa, atakuwa na mume aliyefungiwa kontena. Kaburi likibaki, atakuwa na kaburi lisilo na mtu. Vyovyote vile ni yeye wa kukosa, na ni yeye wa kuchagua akose kipi.

Akapanda kilimani kumwuliza mwenyewe. Alikaa mpaka jua likageuka. Alimweleza yote, ya vigingi, ya kontena, ya waziri. Akasema, "Niseme au ninyamaze? Kohoa."

Kimya. Hata jani halikutikisika.

"Ndivyo ulivyokuwa hata ukiwa hai," akasema. "Jambo dogo unabisha mpaka majirani wanaamka, jambo kubwa unanitazama."

*

Siku ya uzinduzi ilikuja na mahema, ngoma, na msururu wa magari meupe. Kwenye meza kuu viliwekwa viti vyenye mito kwa ajili ya mabalozi waliodhani wamealikwa wiki nyingine. Viti vikabaki wazi. Kinu cha Bi Sikujua kilisimamishwa juu ya jukwaa, kimefungwa kitambaa cha bendera kiunoni kama bibi harusi, na Bi Sikujua mwenyewe akasimamishwa kando yake akiwa amevaa shati la NIMEELEWA juu ya khanga, kwa ajili ya picha. Kwenye pindo la khanga alikuwa amefunga konzi ya mahindi. Alikuja nayo kutoka nyumbani. Alijiambia ataamua papo hapo.

Profesa Shangwelo alihutubia. Wale walioisikia ile sauti bado wanaikumbuka.

"Wananchi wa Kiongwelo! Kuna nchi zinazoogopa kinu. Nchi hizo watu wake wamesoma mno, na kusoma mno kumewatia woga. Ninyi hamjasoma, na tazameni mlivyo jasiri! Watu wamenong'ona kwamba kilima hiki kina kitu. Kina nini? Leo tumekuja na sayansi."

Akaita mtaalamu. Mtaalamu akatoa kisanduku. Kilikuwa kidogo kuliko kile cha zamani na kizuri zaidi, lakini wajane wote waliokuwepo walikijua, wakasogeleana. Mtaalamu alikuwa amekipunguza masikio asubuhi ile ile, kwa maelekezo. Akakiinua mbele ya kipaza sauti.

Hakikusema kitu.

"Sikilizeni ukimya huo," akasema waziri. "Huo ndio usalama."

Kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaushika mchi. Alikuwa hajaushika maishani. Aliushika kama mtu anayetaka kuupeleka bandarini. Wapiga picha wakapiga magoti. Bi Sikujua akafungua pindo la khanga kwa vidole viwili. Mahindi yakamjaa kiganjani. Mkono wake ulikuwa umbali wa shubiri moja tu kutoka kwenye mdomo wa kinu, angeweza kuyamwaga na asionekane, na Mwajabu kule chini alikuwa anautazama mkono huo kama anautazama moto.

Akaufumba.

Waziri akatwanga. Kinu kikalia *pu*, sauti kavu ya kitu kisicho na kitu ndani yake, na wanawake wote wa Kiongwelo wakainamisha vichwa. Akatwanga tena. Ngoma zikanyamaza ingawa hakuna aliyezikataza. Akatwanga mara ya tatu, akatabasamu kwa kamera.

Tik, kikasema kisanduku.

Mtaalamu akakitikisa.

Tik. Tik-tik.

Majani ya kilimani yakalala, mstari mmoja baada ya mwingine, kuteremka, kama yanavyolala watu wakipita wamebeba mizigo. Hapakuwa na upepo. Bendera zote zilikuwa zimening'inia. Mstari ukafika kwenye mahema. Mto wa kiti cha balozi wa kwanza ukabonyea. Ukabonyea wa pili. Vikohozi vikaanza, kimoja cha kukwaruza, kimoja cha maji, kimoja chembamba ambacho Mwajabu alikisikia akafunika uso. Kisanduku kikawa kinalia kama mafuta ya moto yaliyodondokewa maji. Mtaalamu alitoa betri. Kikaendelea bila betri.

"Ni hitilafu," akasema waziri kwenye kipaza sauti. Hakukuwa na kitu kibaya kwenye sauti yake, isipokuwa ilikuwa ya mtu mwingine.

Bi Sikujua alisikia harufu kabla ya kikohozi. Jasho, gunia, vumbi la jiwe. Viwili vifupi, kimoja kirefu, hapa hapa begani. Ikapita, ikasimama. Akajua anatazamwa. Hakuwa na ruhusa ya kumwuliza neno, maana si yeye aliyeita. Angemshika, lakini pa kushika hapakuwepo.

"Nenda," akamwambia kwa chini. "Na ukifika, ukohoe kwa nguvu. Usione haya kwa watu wakubwa."

Sherehe ikafungwa kwa dua ya haraka. Magari meupe yakaondoka, na gari la mwisho, lililokuja tupu, likaondoka matairi yamelala kama limepakiwa mawe.

*

Yaliyotokea mjini yanasimuliwa na madereva, nao ni watu wa kuaminika kwa sababu hakuna anayewauliza.

Kwenye chumba cha kungojea cha Wizara ya Uelewa viti vilijaa na hapakuwa na mtu. Aliyejaribu kukaa aliinuka haraka akasema amekumbuka jambo. Visanduku vya kupimia vilivyohifadhiwa stoo vilianza kulia vyenyewe, ghorofa kwa ghorofa. Waziri akisema kikaoni "tunasonga mbele", nyuma ya kiti chake mtu anakohoa. Akisema "wananchi wameridhika", wanakohoa wote. Mahojiano ya televisheni yalikatizwa. Watazamaji walidhani waziri amehojiwa wodini. Wakopeshaji walifika kutia saini, wakasikiliza dakika chache ile tik-tik mezani, wakamshika waziri mkono bila kuvua glovu, wakarudi uwanja wa ndege.

Akaletwa askofu, akaletwa shehe, na mganga naye akaingizwa kwa mlango wa nyuma. Walitofautiana kila kitu, ila hili waliafikiana: mheshimiwa awaulize wamekuja kwa lipi.

Profesa Shangwelo angeweza kuuliza. Lakini akiuliza atajibiwa, na akijibiwa lazima akae asikilize mpaka mwisho, na akisikiliza atakuwa amejua. Waziri akishajua, maana yake serikali imejua. Na kama serikali imejua, kuna mtu atauliza ilijua tangu lini.

Kwa hiyo akatoa waraka: kuanzia siku hiyo, ndani ya Wizara ya Uelewa ni marufuku kwa mtu yeyote kuuliza swali la aina yoyote, lisije swali likamponyoka mtu likajibiwa. Katibu akitaka kujua kama chai ina sukari, husema "chai hii ina sukari", akanywa, akaona mwenyewe.

Greda halikupanda Tiktik. Hapakutoka tamko la kulisimamisha. Lilisimama tu mahali lilipo, kuku wakatagia kwenye kiti cha dereva.

*

Ijumaa moja Bi Sikujua alikuwa kilimani na ufagio wake. Alikuwa anafagia kwa sababu ni Ijumaa. Kilima kilikuwa kimya, kimya cha nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Dismas alimkuta hapo. Alikuwa amekonda, na shati lake la NIMEELEWA alilivaa ndani nje.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Nimetumwa." Akakaa pembeni, mbali na kaburi kidogo, kwa adabu. "Wanasema wewe uwaite. Utwange wewe, wakufuate wewe, warudi."

"Walishaitwa. Mtu haitwi kwingine hajaruhusiwa alikokwenda."

Dismas akaitikia kwa kichwa, kama aliyelijua jibu akaja kulisikia tu. Akavunja jani vipande vidogo vidogo.

"Mzee wako," akasema, "kama sikosei, ni yule wa viwili vifupi na kimoja kirefu."

Ufagio ukasimama.

"Anakaa wapi?"

"Kwangu. Namaanisha mlangoni pa ofisi yangu, karibu na dirisha, penye hewa. Wengine wako kwa mheshimiwa ndani, yeye alitoka akakaa pale. Mwanzoni nilihama meza. Sasa nimerudi." Akasita. "Juzi nilimwekea chai."

"Ulitia sukari?"

"Kidogo. Sikuweza kuuliza, imekatazwa."

"Anapenda nyingi," akasema Bi Sikujua. "Na asitiliwe kwenye kikombe chembamba, anaogopa kuvunja."

"Nitatafuta bakuli."

Wakakaa. Chini kijijini mtu alikuwa anatwanga kitu kilaini, cha mboga, na sauti ilipanda kwa uvivu.

"Bibi, huyu mkubwa wetu hatauliza. Mimi namjua. Atastaafu hajauliza, na atakayekuja ataukuta waraka, naye ataufuata."

"Ni maneno matatu tu, mwanangu."

"Maneno matatu anayaweza. Jibu ndilo."

Bi Sikujua akaushika tena ufagio. Dismas akainuka, akajikung'uta nyasi, akaaga kwa mikono miwili. Aliposhuka hatua kadhaa akageuka kama anayetaka kuuliza jambo, akakumbuka kazi yake, akaendelea kushuka.

Mjane akamaliza kufagia mpaka pembeni, akakaa mahali pake pa siku zote, akanyoosha miguu. Binti wa Mwajabu wa Ngambo amejifungua, akasema, mtoto wa kiume, kichwa kikubwa, na mbuzi wa mwalimu mkuu ameingia msikitini tena. Alifika hapo kwenye mbuzi, pale Changuo alipozoea kucheka mpaka kikohozi kimshike, akangoja kidogo. Halafu akainuka, akageukia upande inakotokezea barabara ya mjini, akaweka mikono mdomoni, akaianza habari upya kwa sauti ya juu.